Kiingereza Chenye Watu Ndani

Marangu,
2 Juni 1996.

Mdogo wangu Sylvanus,

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kitwe, mgongo haukuumi tena kwa kulala chini ya magari ya watu huko karakana, na Gladys anapata usingizi pamoja na tumbo lake. Sisi huku hatujambo, ila mvua za masika zimegoma kuondoka na kuni zote zimelowa, kwa hiyo ukinusa moshi kwenye karatasi hii ujue ni wa jikoni kwetu. Ng'ombe amezaa dume. Mgomba ule wa nyuma ya choo, uliokuwa ukiuita mvivu, umetoa mkungu ambao watu wanapita kuutazama. Mimi mafua yalinishika Pasaka nzima nikafundisha kwa sauti ya jogoo mgonjwa, lakini sasa yameniachia.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza jambo moja tu, nami nimechelewa kukujibu. Uliuliza kama Mama amelainika. Ulisema hutatia mguu Marangu mpaka akuite kwa kinywa chake, kwa sababu kwa kinywa hicho hicho alisema mbele ya ukoo mzima kwamba aliyeng'oa kahawa ya baba yake ameng'oa na njia ya kurudi nyumbani. Ukaniomba pia nisimwambie kwamba umeoa, wala kwamba mtoto yuko njiani. Sikumwambia. Unanijua, nina mdomo mrefu kwa mambo madogo, lakini siri niliyokabidhiwa huwa nalala nayo.

Habari ya kahawa sitaki kuirudia, tulishaimaliza tukabaki hoi. Bei ilikuwa imeanguka, nyanya zilikuwa na soko, nawe ulikuwa na nguvu na hasira. Leo nusu ya majirani wameng'oa yao na hakuna aliyewaitia ukoo. Lakini wewe ulikuwa wa kwanza, ukaanzia safu aliyoipanda marehemu Baba kwa mkono wake, tena siku Mama yuko kanisani. Akarudi na rozari mkononi akakuta mashimo. Kilichomchoma ni hicho, wala si bei.

Sasa kuhusu kulainika, sijui nikujibu ndiyo au hapana. Nitakueleza niliyoyaona tangu Aprili, maana nimekuwa mpelelezi ndani ya kihamba chetu wenyewe, shamba hili tulilozaliwa, na nikuambie ukweli, ni mpelelezi mbovu.

Unakumbuka mvua zikikaza wageni wa mlima hupungua, na wapagazi hubaki vijiweni wakihesabu matone. Mwaka huu Padri aliniomba niwafundishe Kiingereza kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia, ili msimu ukianza wasiwe wanaitikia yesi kwa kila kitu. Jumamosi ya kwanza nikakuta vijana wamejaa, na kwenye benchi la mbele, pembeni ya Sirili yule mpagazi mrefu, amekaa Mama na kitenge chake cha kanisani. Nilidhani ameniletea ufunguo. Nikamwuliza anahitaji nini. Akasema anahitaji Kiingereza, kama wenzake. Vijana wakapanga foleni kumpa shikamoo mmoja mmoja, naye akawaitikia wote na kuwauliza habari za mama zao, na somo likaanza limechoka.

Siku hiyo nilifundisha kalamu, meza na dirisha. Mama hakuandika kitu. Tulipotoka alinivuta kando akaniuliza kwa upole kama Kiingereza chote kiko hivyo, maana somo zima lilikwisha bila mtu hata mmoja. Kalamu iko juu ya meza, sawa, ni nani aliyeiweka? Nikamwambia watu watakuja baadaye. Akasema yeye hana nafasi ya kuwangoja. Anataka yale maneno ambayo mtu humtaka mwenzake afanye jambo: ale, apumzike, akae karibu naye. Nikamwambia basi anataka amri, na hizo ni rahisi. Akakunja uso. Amri, akasema, anazijua hata kwa lugha ambazo hazijui, mbwa mwenyewe huzielewa. Yeye anataka kujifunza kutaka kwa adabu.

Basi Jumamosi iliyofuata nikaacha kitabu changu kwenye mkoba, nikaandika ubaoni: I want you to rest. Nikawaeleza kwamba sisi tukisema "nataka upumzike", yule tunayemtaka tumemficha ndani ya neno, sauti moja tu mdomoni. Waingereza hawamfichi. Wanataja kutaka kwanza, halafu wanamsimamisha mtu peupe, you, him, her, them, ndipo wanaleta to na kitendo chenyewe. Na ukipenda unafungia mkia mwishoni: with me, for the child, near the fire. Sirili akauliza kwa nini tuseme him na siyo he, mtu si ni yule yule? Nikamjibu ni yule yule, ila hapo siye anayetaka, ndiye anayetakwa. Wakacheka, lakini Mama hakucheka. Alitazama ubao akasema kumbe yule mtu anakaa katikati kama mshenga, kutaka kuko huku na kufanya kuko kule. Nikasema ndiyo hivyo. Akasema hicho ndicho alichokifuata, akalamba ncha ya penseli akaanza kuandika.

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Ng'ombe aliambiwa I want you to stand. Kuku waliambiwa I want you to go to your house, nao kwa mara ya kwanza walikwenda, ingawa nadhani ni kwa sababu ya ule mwiko mkononi. Kosa lake kubwa lilikuwa kumsahau mtu wa katikati. Jioni moja alinisogezea sahani ya mtori akasema kwa fahari: I want to eat. Nikamrudishia sahani. Akanisogezea tena, I want to eat. Nikamrudishia tena. Tukachezeana hivyo hadi mtori ukapoa, na nilipomweleza kwamba amesema yeye ndiye mwenye njaa, alijipiga paja akasema lugha gani hii, ukimsahau mtu unakula chakula chake.

Mimi udadisi ulinikaba. Mwanamke ambaye safari yake ndefu kabisa ni ya mnadani Holili, Kiingereza cha nini? Tena cha namna ile, cha kula na kulala na kukaa karibu na moto? Nilimwuliza wazi. Akasema kujifunza ni kujifunza. Nikamwuliza mara nyingine, akaniomba nimwambie kwa Kiingereza "ni vizuri mama alale". It is good for the mother to sleep, nikamwambia, na ni mama gani huyo? Akasema yeyote.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa biashara. Siku hizi kila mwenye uwanja karibu na barabara ya mlimani anakaribisha mahema ya wageni, na wengine wamechora vibao vya hoteli kabla hata ya kununua shuka. Nikamwambia kama anafungua hoteli mimi bintiye nastahili kujua. Alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akaenda kukamua.

Dhana ya pili ilinitoa machozi mimi. Aliazima blauzi yangu nyeupe akashuka Moshi mjini, akarudi na picha ndogo ndogo ambazo hakutaka nizione. Unajua kwetu mzee akienda kupiga picha bila arusi watu huanza kunong'ona kwamba anaandaa ya kuweka juu ya jeneza. Wiki iliyofuata akashuka tena, akarudi mkono umevimba begani. Nyuki, akasema. Sasa nyuki gani anapenya chini ya sweta na blauzi kwenda kuuma bega? Nikajua ni sindano, na nikajua Mama anaumwa na anatuficha. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa sauti. Kuanzia hapo nikawa nampelekea mayai ya kuchemsha kila asubuhi. Aliyala yote bila kuuliza sababu.

Halafu yakaja mambo mengine. Alianza kusukasuka maziwa na kuweka samli kwenye kibuyu, haonji wala haoneshi. Mkungu wa mshare, ndizi zile zile nzuri za mtori, alikataa kuuza ingawa mnunuzi alikuja mara kadhaa. Kanga zake laini za zamani alizifua, akazianika, akazikata vipande vya mraba akavikunja. Mwanamke yeyote wa mlimani angetazama samli, mshare na vile vitambaa akaelewa papo hapo kwamba kuna mzazi wa kulishwa. Mimi nilikuwa bado niko kwenye jeneza.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa vijana wanaanza kupanda mlima wiki hii. Nikawaambia kila mmoja asimame atunge sentensi yake mwenyewe, siyo ya ubaoni, aseme kitu anachokitaka kweli kutoka kwa mtu. Sirili akasema: I want the tourist to give his boots to me. Tukampigia makofi, kwani viatu vyake tunavijua. Wengine wakataka wanaowaongezea mizigo wapunguze, wakwe wakubali, hivyo hivyo. Ikafika zamu ya Mama. Akasimama ameshika benchi, akatazama ukuta ulio nyuma yangu, akasema bila kumsahau mtu wala mkia:

"I want my son to invite me to his house."

Mimi mwalimu nikadhani amepindua. Nikamwambia polepole kwamba bila shaka alitaka kusema yeye anamkaribisha mwanawe nyumbani kwake. Akanitazama kwa yale macho unayoyajua.

"Hilda, usinisahihishe," akasema kwa Kiswahili. "Kila mtu nimemweka mahali pake."

Hakuna aliyecheka. Sirili aliinuka akamshika mkono kumsaidia kukaa, na mimi nikafuta ubao uliokuwa hauna kitu.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya mfereji, yeye mbele mimi nyuma, na huko ndiko alikoniambia. Mwezi wa tatu Eliufoo, dereva wa malori yanayokwenda kubeba shaba Zambia, alikuja kumpa pole ya masika na kumsalimia. Akamwambia alipita Kitwe akala kwako. Akamwambia una mke, mpole, mwenye kucheka, na kwamba anajifungua kabla ya mwezi wa saba. Na huyo mke, walipokuwa mezani, alimwuliza Eliufoo kwa Kiingereza kama mama mkwe wake atakuja kumpokea mtoto, kwa sababu wa kwake alikwisha kufariki na hana mtu wa kumsimamia. Mama alimwuliza Eliufoo wewe ulisema nini. Akasema ulinyamaza, ukainuka ukaenda kusimama mlangoni ukitazama nje. Mama alimrudisha Eliufoo hapo mara nyingi, ukasimamaje, ukatazama upande gani. Kisha akaniambia: huo unyamavu naujua, ni wangu, alinyonya kwangu.

Akauliza mwanamke huyo anasema lugha gani. Kibemba na Kiingereza. Kibemba huku hakuna wa kukifundisha, na kwa bahati binti yake anafundisha Kiingereza parokiani.

Basi ndiyo hadithi yote, Sylvanus. Picha zilikuwa za hati ya safari. Sindano ilikuwa ya homa ya manjano, huwezi kuvuka Tunduma bila kadi yake. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, akasema ningekuandikia, nawe ungejibu, nami ningemsomea, na mambo ya watu wawili yangekuwa ya watu watatu. Nikamwuliza tena, kwani nilikuwa nimekasirika kidogo kwa yale mayai, kwa nini basi asikuite tu uje naye huku, azalie nyumbani, alishwe jikoni kwetu miezi yake mitatu bila kugusa jembe kama walivyolishwa wake wote wa kihamba hiki. Alisimama pale pale kwenye ukingo wa mfereji.

"Nilisema mwenyewe njia ya kurudi imeng'olewa," akasema. "Nikimwita, aje kwa njia ipi? Ni mimi wa kwenda."

Nilitaka kujua na lile la darasani, kwa nini aliweza kulisema mbele ya wapagazi na kwa Kiingereza, lakini nyumbani hajakutaja jina tangu uondoke. Akasema kwa Kichagga kinywa chake kinakumbuka kilichosema siku ile, akikifungua yanatoka yale yale. Kiingereza hakijakugombeza bado. Nililia tena, safari hii bila kujificha.

Kuna jambo jingine nililoliona leo. Asubuhi alikwenda kwenye kaburi la Baba akakata isale. Hilo huhitaji kuelezwa. Jani la isale likiletwa kuomba radhi halikataliwi, hata kama damu imemwagika. Lakini maisha yangu yote nimeona mdogo akimpelekea mkubwa, mtoto akimpelekea mzazi, sijaona mzazi akimpelekea mtoto. Nikamwambia hivyo. Akasema nani kakuambia ni la Sylvanus? Ni la yule mwanamke, amebeba mjukuu wangu bila mtu wa kumchemshia hata uji kwa sababu ya mdomo wangu, na hajanikosea kitu. Amelifunga kwenye kitambaa chenye maji lisinyauke. Kwa hiyo ukiliona, usilishike. Si lako.

Sasa nikuambie kilichobaki, na ndiyo maana nimeandika yote haya kwa utaratibu kabla ya kukifikia. Tazama bahasha. Haina stempu. Barua hii hukuiokota posta, amekupa Eliufoo mkononi, na kama ametii alivyoagizwa hajakuambia chochote, ameomba maji tu akakaa kimya.

Mama yuko ndani ya lori lake, barabarani, nje ya kwako.

Ametoka huku na samli, mkungu wa mshare na vile vitambaa, na najua mpakani walimsumbua. Hatateremka. Amesema mtu aliyemfungia mwanawe mlango hawezi kwenda kuingia kwa mwanawe kama mwenye nyumba, atangoja aitwe. Ukisoma ukanyamaza, atampa Eliufoo mzigo aulete kwa Gladys, naye atarudi na lori hilo hilo. Ameniapisha nisikubembeleze, na sikubembelezi. Wewe ulitaka akuite kwa kinywa chake. Yeye amekwenda mpaka huko kutaka umwite kwa kinywa chako. Mnafanana mpaka mnachosha, na mimi nawapenda nyote wawili.

Majirani wanakusalimu, Sirili naye, na ndama hajapewa jina, tunangoja tusikie la mtoto kwanza. Gladys mwambie wifi yake atakuja likizo ya Desemba, naye ajiandae kusahihishwa. Mama amemwandalia maneno yake ya kwanza, ameyarudia njia nzima ya kwenda kisimani na kurudi: I want you to rest. Lakini ametikiswa na lori siku nyingi, na akiwa na wasiwasi humsahau yule mtu wa katikati. Akifika mbele ya mkeo akasema I want to rest, msicheke wala msimsahihishe. Na hilo pia ni kweli. Mpeni kitanda.

Sasa weka karatasi chini, Sylvanus, utoke nje.

Dada yako,
Hilda